Majitu ya angani na satelaiti iliyoitwa Uhuru

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, simama pale Mwigobero mjini Musoma utazame ziwani. Taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa juu ya maji, nyingine ziko peke yake, nyingine zimekusanyika kama kijiji. Wavuvi hulitaka giza kwa sababu mbalamwezi hushindana na taa zao. Anayetazama nyota naye hulitaka giza hilohilo. Mwezi wa Mei, mnamo saa nne usiku, inua uso karibu na utosi, uelemee kaskazini kidogo. Hapo lipo kundi la nyota la Mashuke, na ndani ya eneo lake, umbali wa miaka ya nuru milioni 55 hivi, ipo galaksi iitwayo M87. Macho matupu hayaioni. Darubini ndogo huionyesha kama doa la ukungu, halina mikono wala pete, wala chochote cha kumvutia anayeliona mara ya kwanza.

Doa hilo ni mojawapo ya majitu. Njia Nyeupe, galaksi yetu, ina vishada duara vya nyota kongwe 150 na kidogo zaidi; M87 inavyo 12,000 hivi. Katikati yake limo shimo jeusi lenye masi ya majua bilioni 6.5, lile ambalo picha yake ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019 na ikawa picha ya kwanza ya shimo jeusi kuonwa na binadamu. Na M87 si kubwa kupita zote. Zipo nyingine kubwa zaidi, kila moja imekaa katikati ya kundi la mamia au maelfu ya galaksi kama mzee wa ukoo.

Wataalamu huziita galaksi duaradufu, jina linalotokana na mpangilio aliouchapisha Edwin Hubble mwaka 1926. Njia Nyeupe ni bapa kama ungo na nyota zake huzunguka kwa utaratibu mmoja. Galaksi duaradufu ni tufe lililobonyea kidogo, na nyota zake huenda kila upande, juu, chini na mshazari, kama nyuki kwenye mzinga. Nyota hizo ni kongwe na rangi yake ni ya wekundu. Gesi baridi, ambayo ndiyo malighafi ya nyota mpya, ni haba mno.

Hapo ndipo fumbo lilipo. Jitu hili limekuwa kubwa kuliko jirani zake wote, na bado limeacha kuzaa nyota tangu zamani sana. Limekuaje bila kuzaa?

Sehemu ya kwanza ya jibu iko mbali, maana kutazama mbali angani ni kutazama zamani. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba darubini ya ALMA iliyoko Chile imechunguza doa lililogunduliwa kwanza na darubini ya Ncha ya Kusini, wakakuta galaksi 14 zimesongamana mahali padogo, zote zikizaa nyota kwa kasi kubwa, wakati ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 1.4 tu. Doa hilo linaitwa SPT2349-56. Galaksi zilizobanana namna ile hazina pa kukimbilia, zitaungana. Kiini cha jitu, basi, kilijengwa mapema na kwa haraka, gesi ikiwa bado tele.

Lakini kiini si jitu. Kuanzia mwaka 2005 hivi, na kwa uthabiti zaidi mwaka 2008 katika kazi ya Pieter van Dokkum na wenzake, watafiti walipima galaksi za miaka bilioni 10 au 11 iliyopita zilizokwisha kuacha kuzaa nyota. Masi yake ilikuwa kama ya galaksi kubwa za leo. Ukubwa wake ndio uliowashangaza: nusu ya nuru yote ilitoka ndani ya duara lenye nusu-kipenyo cha miaka ya nuru 3,000 hivi. Galaksi za leo zenye masi hiyo ni pana kama mara tano.

Aliyewahi kufika kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda ataelewa haraka. Robota lililoshindiliwa na mashine na pamba ileile iliyomwagwa sakafuni vina uzito mmoja, ila nafasi vinayochukua haifanani hata kidogo. Galaksi za kale zilikuwa marobota, za leo ni pamba iliyofumuliwa. Nani alizifumua?

Jibu la kwanza lililoingia akilini mwa wengi lilikuwa muungano wa galaksi mbili zinazolingana. Lilikuwa na heshima yake. Mwaka 1972 ndugu wawili, Alar na Juri Toomre, walionyesha kwa kompyuta jinsi galaksi mbili bapa zikipitiana karibu zinavyovutana mikia mirefu ya nyota, na miaka mitano baadaye Alar akapendekeza kwamba mabaki ya migongano ya namna hiyo ndiyo galaksi duaradufu. Wazo hilo bado linaeleza mengi. Tatizo lake ni hesabu. Mwaka 2010 van Dokkum na wenzake walilinganisha galaksi kubwa za vipindi mbalimbali, wakakuta kwamba katika miaka bilioni 10 hivi masi yao imeongezeka mara mbili, huku upana ukiongezeka mara nne. Muungano wa wawili walio sawa hauwezi kuleta matokeo hayo.

Nitaifanya hesabu hiyo hapa, kwa kuwa ndiyo moyo wa jambo lote na haihitaji zaidi ya kuzidisha na kugawa. Fikiria mzigo wa kuni uliofungwa kwa kamba. Kuni ni nyota. Kamba ni nishati ya mvutano inayozishika nyota pamoja, na kamba hiyo haiongezeki yenyewe: galaksi inayojiunga huleta kamba yake, kama inayo. Kanuni ya upana ni hii: zidisha masi kwa masi, kisha gawanya kwa urefu wa kamba. Sasa chukua mizigo miwili iliyo sawa, uiunganishe. Masi imekuwa 2, na 2 mara 2 ni 4. Kamba nazo zimekuwa 2. Nne kugawanya kwa mbili ni mbili. Mzigo umeongezeka masi mara mbili na upana mara mbili, si zaidi.

Halafu chukua mzigo mmoja mkubwa, uuongezee kuni mojamoja, vijiti vilivyookotwa hapa na pale ambavyo havina kamba ya maana. Vikifika jumla sawa na mzigo wa awali, masi ni 2, na 2 mara 2 ni 4. Kamba ni ileile moja. Nne kugawanya kwa moja ni nne. Masi mara mbili, upana mara nne, sawasawa na ilivyopimwa angani. Kamba iliyokuwa imekaza mzigo mdogo sasa imelegea kuzunguka mzigo mkubwa. Thorsten Naab, Peter Johansson na Jeremiah Ostriker waliiweka hoja hii kwa ukamilifu mwaka 2009, na mimi naiona kuwa mojawapo ya hoja safi kabisa katika elimu ya galaksi. Jitu halikukua kwa kuoa jitu mwenzake. Lilikua kwa kupokea wadogo wengi, mmoja baada ya mwingine.

Wadogo hao wananaswaje? Galaksi ndogo ikipita karibu na kubwa ina kasi yake, na kitu chenye kasi kingeweza kupita na kwenda zake. Mwaka 1943 Subrahmanyan Chandrasekhar alieleza breki iliyofichika. Mvuvi aliyewahi kupitisha mtumbwi kwenye magugu maji anaijua kwa mikono yake: unavyosonga mbele, magugu hukusanyika nyuma yako na kukuvuta. Galaksi ndogo ikipita katikati ya nyota za jitu na mada yake isiyoonekana, iitwayo mada ya giza, mvutano wake huzikusanya nyuma yake, na mkusanyiko huo huivuta irudi. Kila mzunguko hupunguza kasi kidogo, na galaksi huzama. Mwaka 1975 Ostriker na Scott Tremaine walilitumia wazo hili kueleza jinsi galaksi ya katikati inavyowameza majirani zake.

Neno kumeza limezoeleka, nami nalitumia, ila linahitaji kuwekewa mpaka hapa kwetu, kwa sababu sisi watu wa ziwa tutalifikiria kwa sangara. Sangara aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu mpaka aina nyingi zikatoweka, na mwili wa furu ukageuka kuwa mwili wa sangara. Nyota haimezwi hivyo. Nafasi kati ya nyota na nyota ni kubwa kiasi kwamba galaksi mbili zikipenyana, nyota zake karibu zote hupishana bila kugusana. Galaksi ndogo ndiyo inayopotea, kwa maana ya umbo na jina. Nyota zake zinabaki nzima, zimehamia, zikizunguka mahali pengine.

Na kwa kuwa zinabaki nzima, mhamiaji anaweza kutambuliwa. Tazama mji wa Bunda unavyokua kandokando ya barabara ya Mwanza na Musoma. Nyumba za zamani ziko katikati; aliyehamia juzi amejenga pembezoni. Ukitaka kujua nani ametoka wapi, nenda pembezoni ukasikilize lafudhi. Lafudhi ya nyota ni madini yake. Galaksi ndogo huzalisha chuma na elementi nyingine nzito kwa uchache, kwa hiyo nyota zilizotoka huko zina uhaba wa madini hayo. Wataalamu wanapopima galaksi duaradufu kubwa kuanzia kiini kwenda nje, hukuta madini yakipungua kadiri wanavyosogea pembezoni. Kiini ni wenyeji waliozaliwa hapohapo zamani. Nje wamejaa wahamiaji.

M87 yenyewe imenaswa ikipokea. Mwaka 2015 kikundi cha Alessia Longobardi, kikitumia darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile, kilipima mwendo wa nebula za sayari 300 hivi pembezoni mwa M87. Nebula hizo ni nyota zinazokufa zikiwa zimevua tabaka zao za nje, na hung'aa kwa rangi moja ya kijani inayozitofautisha na ukungu wote unaozizunguka. Mwendo wake ulionyesha kwamba galaksi nzima ya ukubwa wa kati imeangukia humo ndani ya miaka bilioni moja iliyopita. Nyota zake zimetawanyika, lakini zilikuwa bado zinakwenda kwa mpangilio wa waliokuja pamoja.

Hiyo ni nusu ya fumbo. Nusu ya pili, kwa nini jitu haliendelei kuzaa, nadhani ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayotuleta pwani ya Afrika Mashariki.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililomilikiwa na Waitalia na kusimamishwa baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya Marekani ya uzito wa kilo 140 hivi. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-1. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi kwa upande wa NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya wenyeji waliowapokea. Kiongozi wa kisayansi alikuwa Riccardo Giacconi, ambaye mwaka 2002 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Uhuru ilikuwa satelaiti ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kutazama eksirei za angani. Eksirei hizo hazifiki ardhini, hewa yetu huzizuia, na kabla ya hapo watafiti walikuwa wakirusha maroketi yanayochungulia kwa dakika chache kisha yanaanguka. Pwani ya Malindi ilichaguliwa kwa sababu za kiufundi. Kwenye ikweta dunia yenyewe huipa roketi msukumo kwa mzunguko wake, na satelaiti inayofuata ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zilizonaswa na usumaku wa dunia, zile zinazojaza vipokezi kelele.

Njia yake iliinama nyuzi 3 tu kutoka ikweta, kwa hiyo haikuwahi kwenda kaskazini wala kusini zaidi ya hapo. Musoma iko nyuzi 1.5 kusini. Butiama iko kwenye 1.8 hivi, Bunda kwenye 2. Kila mzunguko, wa dakika 95 au zaidi kidogo, uliipitisha Uhuru juu ya kanda hii yetu, mara 14 hivi kwa siku kwa kuwa dunia nayo huzunguka, kwa zaidi ya miaka miwili ya kazi yake. Wakati Mwalimu Nyerere akiwa Ikulu, chombo chenye jina la Kiswahili kilikuwa kikipita juu ya kijiji chake cha Butiama huku kikipima kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekielewa.

Kitu hicho kilikuwa katika makundi ya galaksi. Ilikwisha kujulikana kwamba M87 inatoa eksirei. Uhuru, ikijizungusha polepole na kufagia anga ukanda kwa ukanda, ilionyesha kwamba kwenye makundi ya galaksi kama lile lililo upande wa Mashuke, na yale ya Coma na Perseus, eksirei hazitoki kwenye nukta moja. Zinatoka kwenye eneo pana, nafasi yote iliyopo kati ya galaksi na galaksi. Nafasi tuliyoidhani tupu imejaa gesi ya joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi. Katika makundi makubwa, gesi hiyo ina masi kupita nyota zote za galaksi zote za kundi, mara kadhaa.

Walibaki watu wenye shaka kwamba ni gesi kweli. Shaka hiyo iliondolewa na satelaiti nyingine iliyorushwa kutoka jukwaa hilohilo la San Marco, Ariel 5 ya Waingereza, tarehe 15 Oktoba 1974. Mwaka 1976 ilitangazwa kwamba katika eksirei za kundi la Perseus imeonekana alama ya chuma. Alama hiyo ilithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba ni gesi ya moto inayong'aa kwa joto lake, na kwamba gesi hiyo iliwahi kupita ndani ya nyota, kwa sababu chuma hutengenezwa kwenye nyota tu na kutawanywa zinapolipuka. Vithibitisho vyote viwili vilianzia safari yake baharini, karibu na Malindi, na ninatamani sana vitabu vyetu vya shule vingekuwa na ukurasa mmoja tu unaosema hivyo.

Gesi hii inaeleza ukimya wa majitu. Nyota huzaliwa kwenye gesi baridi. Gesi ya moto haishikiki. Mvutano huivuta ndani, joto huisukuma nje. Galaksi inayoanguka kwenye kundi hupeperushwa gesi yake ikamwagika njiani, kwa hiyo jitu hupokea nyota bila malighafi ya kuzalia nyingine.

Ila hapo likaibuka tatizo jipya. Gesi inayotoa eksirei inapoteza joto. Katikati ya kundi, ilikosongamana zaidi, ingepaswa kupoa na kuteremka kwenye jitu, mamia ya majua kila mwaka, na kuzaa nyota tele. Kwa miaka mingi watafiti waliitafuta gesi hiyo iliyopoa. Mnamo 2001 satelaiti ya Ulaya, XMM-Newton, ilionyesha kwamba gesi baridi iliyotarajiwa haipo kwa kiasi hicho. Kuna kinachoipasha moto upya.

Ishara yake ilikuwa imeonwa mapema sana. Mwaka 1918 Heber Curtis, akiipiga picha M87 huko California, aliona mstari mwembamba wa nuru ukitoka katikati yake. Leo tunajua kwamba ni mchirizi wa chembe zenye kasi inayokaribia ya nuru, urefu wa miaka ya nuru 5,000 hivi, unaorushwa kutoka ukingoni mwa shimo jeusi. Uji wa ulezi ukiuacha kwenye moto mkali, hupanda, hufurika, humwagikia kuni na kuzizima. Uji ukashuka, moto ukashika tena, uji ukapanda tena. Ndivyo inavyokwenda huko, kinyume chake tu: gesi ikipoa hushuka na kulilisha shimo jeusi, shimo likishiba hurusha michirizi, michirizi huipasha gesi, gesi ikipata moto huacha kushuka, na shimo likikosa chakula hutulia mpaka gesi ipoe tena.

Darubini ya Chandra, iliyopewa jina la Chandrasekhar yuleyule wa breki ya galaksi, iliona mapovu makubwa kwenye gesi ya Perseus, na mwaka 2003 watafiti wakatangaza kwamba mapovu hayo hutoa mawimbi ya sauti yanayosambaa ndani ya gesi, sauti nzito isiyosikika na sikio lolote. Mwaka 2016 satelaiti ya Japani, Hitomi, iliyoharibika muda mfupi baada ya kurushwa, ilifanikiwa kupima kasi ya msukosuko wa gesi hiyo: kilomita 164 kwa sekunde, kasi ndogo kwa kitu cha ukubwa huo. Joto, basi, linasambazwa kwa utulivu. Yapo pia makundi ambayo mzunguko huu umezidiwa. Kundi la Phoenix, lililotangazwa mwaka 2012, lina jitu linalozaa nyota mamia kila mwaka. Kwangu mimi Phoenix ndilo linalonishawishi zaidi, maana linaonyesha majitu yote yangekuwaje kama shimo jeusi lisingefanya kazi yake.

Nina ombi moja kwa walimu wa sayansi wa Musoma, Bunda na Butiama. Mei ijayo, usiku usio na mwezi, watoeni wanafunzi nje mnamo saa nne. Upande wa kusini, kati ya upeo na utosi, darubini ya mkononi itawaonyesha Centaurus A, mojawapo ya galaksi duaradufu za karibu zaidi miongoni mwa majitu, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, ambayo bado ina mkanda wa vumbi la galaksi iliyoimeza. London haionekani kabisa. Kwenu inapanda juu vya kutosha. Kisha wageuzeni kaskazini, karibu na utosi, kwa darubini ya miguu, wakaione M87. Na muwaambie kwamba chombo cha kwanza kupima moto unaolizunguka doa lile kiliruka kutoka Malindi, kikapita juu ya kanda yao mara 14 hivi kwa siku, na jina lake lilikuwa Uhuru.